Huko Juu Hakuna Kitu

Ijumaa, kwenye ofisi ya ardhi Morogoro, bibi mmoja wa Uluguru aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole. "Barabara mpya mmeipitisha kwenye makaburi ya wanangu."

"Bibi, ramani haionyeshi makaburi hapo," afisa alisema kwa upole. "Programu hii ni ya bure, na kuongeza alama ni dakika moja. Ila waliopima waliandika huko juu hakuna kitu. Niletee mmoja wao, au hata aliyewaongoza, aseme walikosea."

"Wanangu wapo wawili huko," alisema bibi, akiinua vidole viwili.

Nyuma yake kwenye foleni, niliinama kufunga kamba za viatu. Wapimaji niliwaongoza mimi. Mlima ulinichosha, nikawaambia huko juu hakuna kitu.

Jumapili niliungama kwa padri. Kwa afisa, ambako dakika moja ingetosha, bado sijarudi.