Ruhusa ya Kwenda Nje

Nilizaliwa Kitale, kwa wazazi Wakikuyu waliotoka Mkoa wa Kati, kwa hiyo Kibukusu nilikuwa nakisikia sokoni tu. Nilipopata kazi ya ualimu Bungoma, mwalimu mkuu alinikabidhi gredi ya kwanza.

"Hapa wadogo wanafunzwa kwa lugha ya eneo," akaniambia. "Ndiyo sera."

"Mimi sikijui, mwalimu."

"Utajifunza. Ile salamu yao, mulembe, si unajua?"

Wazazi nao walitaka Kiingereza. Baba mmoja alinisimamisha langoni, akiwa amemshika bintiye mkono. "Mwarimu, Kibukusu si tuko nacho nyumbani? Huyu nimemwambia, nikisikia ameongea Kibukusu hapa, atanijua."

Siku afisa wa elimu alipokuja, aliketi nyuma ya darasa. Nikaanza somo kwa Kibukusu changu cha kuokoteza, watoto wakicheka kila nilipoteleza. Yule msichana wa langoni peke yake hakucheka. Alikuwa amebana miguu, ananitazama mimi, kisha mlango. Nikamuuliza ana nini. Akafungua mdomo, akaufunga. Kiingereza hakuwa nacho, Kiswahili kilikuwa hakijamwingia, na chake alikuwa amekatazwa. Mkojo ukamtoka pale pale kwenye dawati, bila sauti.

Nikaacha somo, nikamtoa nje, nikamwosha kwa maji ya mvua ya mtungini. Nilimbembeleza kwa Kikuyu, kwa sababu ndicho kilichonijia. Niliporudi, afisa aliniambia somo langu halikufuata utaratibu.

Jioni nikamweleza baba yake. Akakuna shingo.

"Mimi nirivishwa mfupa hapa hapa," akasema. "Ukiongea Kibukusu, unavishwa shingoni, unazunguka nao siku nzima watu wakikucheka. Sitaki avishwe, mwarimu."

"Siku hizi hakuna mfupa."

"Mfupa uko, bana. Mutihani ni ya Kingereza."

Niliomba uhamisho nirudi Kitale, nikaambiwa huko walimu wametosha.

Kwa hiyo bado niko. Afisa akiwepo, ni Kibukusu. Mzazi akipita dirishani, ni Kiingereza. Tukibaki wenyewe, Kiswahili. Jambo moja tu nililoamua mwenyewe: anayetaka kwenda nje asiseme neno, ainuke aende.

Juzi mwalimu mkuu aliniuliza mbona watoto wangu wanatoka bila ruhusa. Sikujua nimjibu kwa lugha gani.