Amana za Wifi

Mtaani kwetu wifi yangu, dada wa mume wangu, aliitwa Benki. Si kwamba alikuwa na hela. Alikuwa na kabati la bati lenye kufuli, na mdomo uliofungwa kuliko hilo kufuli. Mtu akisafiri, anampelekea hati ya kiwanja. Bibi harusi asiyewaamini mashemeji anampelekea dhahabu zake. Mimi mwenyewe nilimpa hereni za marehemu mama, maana kwangu watoto wanachokonoa hadi chini ya godoro. Ukifuata amana yako, Benki hakuulizi kwa nini. Anaifuta vumbi kwa ncha ya nguo yake, anakupa. Sikuwahi kusikia mtu akimlalamikia, na mtaa wetu unavyopenda kulalamika!

Sifa hizo ndizo zilizompatia kazi kwenye kiwanda cha mashati, kusimamia bweni la wafanyakazi waliotoka nchi jirani. Meneja alimkabidhi pasipoti zao zote.

"Mama, hawa watazipoteza. Kaa nazo wewe."

Basi mwenzangu akavimba kichwa. Alizipanga wima kwenye kabati la ofisini, kila moja na jina la mwenyewe, akarudi kutucheka sisi tusiojua hata vyeti vya watoto wetu viko wapi.

Bwenini alikuwemo mshona vifungo, mama mtu mzima, mpole. Siku moja alimfuata wifi akiwa na macho mekundu.

"Dada, naomba pasipoti yangu. Mama yangu kazidiwa, nataka nikamwone."

"Pole, mdogo wangu. Kamwone meneja. Akisema nikupe, nakupa."

Meneja alisema mzigo wa mashati uondoke kwanza. Mshona vifungo akarudi kwa wifi, akarudi tena, mpaka wifi akaja kunisimulia jikoni kwangu tukimenya vitunguu.

"Ananiganda kama kupe. Nikimpa, kesho nikiulizwa niseme nini?"

"Usimpe," nikasema. "Utaharibu jina lako bure."

Na nikacheka. Najichukia kwa kicheko kile. Hakuna kati yetu aliyejiuliza pasipoti ni ya nani.

Kisha wakaja wakaguzi, wametumwa na wanunuzi wa mashati wa ng'ambo. Meneja alikuwa amewatisha wafanyakazi waseme hati zao wanakaa nazo wenyewe. Benki hakuambiwa kitu, nadhani alionekana ni sehemu ya lile kabati. Mkaguzi mmoja alipouliza pasipoti ziko wapi, wifi akamwongoza kwa madaha hadi ofisini, akafungua, akasimama pembeni kungoja kusifiwa.

Hakusifiwa. Mkaguzi aliagiza wenyewe waitwe waje kuchukua zao palepale. Wengine walizibusu. Ilipofika zamu ya mshona vifungo, wifi aliifuta vumbi yake kama ilivyo kawaida yake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Haya, mdogo wangu. Nimekutunzia vizuri."

"Mama wameshamzika, dada," yule mama alisema, wala hakupandisha sauti. "Sasa niende nayo wapi?"

Wifi alinieleza mwenyewe, hakuficha kitu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Meneja alianza kumfokea mbele za watu kwa kufungua kabati, lakini anasema hata hakumsikia. Alichosikia ni lile swali. Aliweka funguo mezani, akatoka, na kazini hakurudi tena.

Jumamosi asubuhi akabisha hodi kwangu, begi begani, uso umesawajika. Alikuwa ameshapita nyumba kadhaa. Hakutaka kukaa wala maji hakunywa. Alinishika mkono, akaniwekea hereni za mama kiganjani.

"Chukua chako, wifi."

"Mbona sijaomba?"

"Ndiyo maana nimekuja. Sitaki tena mtu aje kuniomba kilicho chake."

Nilitaka kumwambia akae nazo, kwamba mimi bado namwamini. Lakini ni mimi niliyemwambia asimpe. Nilibaki mlangoni na zile hereni, hazina hata chembe ya vumbi, nikimsikia akipiga hodi kwa jirani.