Cherehani Iliyogawiwa Bure

"Watu hawasomi, dada. Niliandika 'jaribio' kwa herufi nene, bado wamekuja kubeba."

"Kwa hiyo kosa ni la macho yao?" dada mtu akamjibu. "Nani aliipiga picha cherehani yangu akaitundika kwenye vitu vya bure? Nina sketi kumi na mbili za shule za kukabidhi Jumatatu. Nizishone kwa meno?"

Miezi minane mdogo mtu alikuwa akiiunda programu ile ya simu kwenye pembe ya meza ya kushonea, ili mwenye sufuria au godoro asilolitaka ampe jirani anayelihitaji. Chumbani mwao kitu cha kupendeza kwenye picha kilikuwa kimoja tu, cherehani. Akaitumia kujaribia, na siku ya kuizindua programu akasahau kuifuta picha hiyo. Mwanamke mmoja akaja na toroli. Mama yao, akijua ni mambo ya bintiye msomi, akamsaidia kuinyanyua na kumtakia heri.

"Basi mpigie huyo mwenye toroli."

Hapo ndipo penye mwiba. Kwa huruma zake, aliipanga programu ifute namba ya mpokeaji mara kitu kikishachukuliwa, maskini wa watu asije akasimangwa kesho. Sehemu ile aliionea fahari kuliko zote. Tenda wema nenda zako, walisema wazee. Yeye alitenda, na cherehani ikaenda zake.

Akabandika ombi: nilikosea, nirudishieni. Wakajibu watu wanne, wote wakiuliza kama ipo nyingine. Akazunguka mitaa mitatu akitega sikio madirishani, labda atausikia mlio anaoujua tangu utotoni, mpaka viatu vikamchubua visigino. Ijumaa kimya. Jumamosi kimya.

Jumapili asubuhi aliikumbatia kompyuta yake kama mtoto mgonjwa, akaipeleka kwa muuza vitu vilivyotumika. Alirudi na cherehani kuukuu, yenye kutu shingoni.

Dada mtu akatunga uzi, akakanyaga. Ikaruka mishono. Akaikaza skrubu, akaitukana kidogo, ikatii.

"Na programu yako utaitengenezea wapi?"

"Kompyuta ndiyo hiyo unayoikanyaga."

Mguu wa dada mtu ukasita. Kisha akavuta kigoda, akakisukuma upande wa mdogo wake.

"Kaa hapa unikunjie malinda ya sketi. Tumelipana."