Kazi ya Atupele ya Kwenda Angani

Niliondoka Mbalizi kwa sababu ya macho ya mdogo wangu, Atupele. Amesuka ukindu tangu tukiwa wasichana, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba uoni wake unakwisha na dawa hakuna. Tulisikia kwamba Iringa kuna wasanii na wahandisi wanaokusanya kazi ndogo za mikono, zipelekwe kwenye kituo cha angani. Atupele akasuka tufe, ukubwa wa chungwa.

"Kule hakuna juu wala chini," aliniambia, "kwa hiyo sikuliwekea kitako. Popote utakapolishika ni mwanzo." Alitaka kazi ya mwisho atakayoiona ikae mahali ambapo haitaoza.

Asubuhi tulipanda basi. Uyole ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya viazi. Makambako nilimnunulia hindi la kuchoma. Akalikataa, asije akalitia tufe masizi. Tulipokaribia Mafinga alitazama dirishani kwa muda mrefu.

"Ile ni misitu, dada, au ni mawingu?"

"Ni misitu."

Iringa alitupokea Neema, mhandisi kijana. "Shikamooni, mama zangu." Alilizungusha tufe mkononi, akacheka kwa furaha. "Hili limefikiriwa!" Kisha akaliweka ndani ya kasha la kioo, juu ya meza inayotikisika mfano wa roketi inaporuka.

Meza ikaanza kunguruma. Nikaona nyuzi zikikatika, na vumbi la ukindu likijaa kwenye kioo.

"Dada, linaendeleaje?" Atupele aliuliza.

Neema alizima mashine. "Nisameheni. Kule vumbi halianguki. Litaelea, liwaingie watu machoni."

"Machoni," Atupele alirudia polepole. "Nikisuka jingine?"

"Ukindu ni ukindu, mama. Wanachukua vitu visivyopukutika."

Kesho yake tulirudi. Kwenye basi Atupele alinisukumia kiti cha dirishani. "Kaa wewe unayeona."

Sikuona chochote mpaka Mbalizi.

Nilidhani sanaa nzuri hupata njia. Sasa najua kitu kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado kisiwe na mahali pa kwenda. Siku hizi Atupele anasuka kwa kupapasa. Nikimsifu, mikono yake husimama.

"Ni kizuri kweli, dada, au unanihurumia?"

Namwambia ni kizuri. Huwa haniamini, na mara nyingine yuko sahihi.