Ng'ombe Chini ya Barua za Watu

Printa ile ya utepe wa wino ilikuwa ikikwaruza kila mstari, nami nilikuwa nimeshaujua mkwaruzo wa ng'ombe wangu: mpigo mfupi wa pembe, kimya, mpigo mrefu wa mgongo, kisha midundo minne ya miguu. Asubuhi ile, katika duka la intaneti karibu na stendi ya Bariadi, niliusikia ilhali barua yangu ilikuwa bado haijakamilika.

Ng'ombe huyo nilimchora kwa alama za kibodi. Mabano yalikuwa pembe, herufi O mbili macho. Alikaa chini ya jina langu katika kila barua pepe. Chuoni tuliaswa kwamba saini isizidi mistari minne. Yangu ilikuwa na mitano, na huo wa tano ulinikosesha raha wiki nzima kabla sijauruhusu ubaki.

Nikanyanyuka kuisoma karatasi. Ilikuwa nakala ya barua ya katibu wa chama cha msingi cha ushirika cha Kasoli, mmoja wa makatibu wanne niliowapelekea maswali kuhusu soko la pamba tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Chini ya jina lake alisimama ng'ombe wangu.

Nilidhani neno langu la siri limeibwa. Nilipofungua kisanduku changu nikakuta ujumbe wa msimamizi wangu wa utafiti, ambaye majibu yalikuwa yakimfikia moja kwa moja Dar es Salaam: "Makatibu wanne, saini moja, nayo ni yako. Nieleze kabla ya Ijumaa, la sivyo suala hili litakwenda kwenye kamati." Mwanafunzi anayeghushi majibu hufukuzwa.

Dada wa duka, aliyekuwa akiwachapia watu barua na kuwatumia, alikuwa akimenya chungwa kwa utulivu ambao niliutilia shaka.

"Dada, huyu ng'ombe amefikaje hapa?"

"Nimemweka mimi. Barua ya ofisi itaendaje bila muhuri?"

"Huo si muhuri. Ni saini yangu."

"Makubwa! Kila barua unayochapisha hapa inaye, nikajua ndiye muhuri wa utafiti. Na wazee wamempenda. Yule katibu wa Mwandoya kaniambia nimwongezee nundu, eti ng'ombe gani huyu mgongo bapa kama meza."

Nilitazama. Nundu ilikuwapo kweli. Ningepaswa kushusha pumzi, lakini niliwaza: aliyeongeza nundu, ameongeza nini kingine?

"Na maneno yao?"

"Hayo nimeyanyoosha tu. Mmoja kawatukana wanunuzi mpaka basi. Ningetumaje matusi chuo kikuu, dada yangu?"

Matusi hayo, maneno yao wenyewe yasiyonyooshwa, ndiyo niliyoyafuata Bariadi. Habari ya muhuri peke yake ingetosha kuniokoa, na hili la pili hakuna ambaye angelijua. Nilisimama mbele ya simu ya dukani, nikapanga sentensi, nikaipangua, nikaipanga tena. Kisha nikapiga.

"Shikamoo, Profesa. Majibu sikuyaandika mimi. Lakini naomba usiyatumie. Nitarudi kwa makatibu wote wanne, niandike mwenyewe wakisema."