Gari Lililolala na Ng'ombe

Asubuhi ile mama alikuwa kwenye kigoda nje ya mlango, amejifunga blanketi, pumzi zinamtoka kwa shida. Basi la kwenda hospitali ya Haydom lilishapita hapa kwetu Tumati kabla hajazidiwa. Kwenye bodaboda hawezi kukaa. Lilibaki gari la marehemu baba, nililolitunza mwenyewe zaidi ya mwaka kwenye banda la ng'ombe, lisinyeshewe. Nilijiona mjanja kweli!

Nikaazima betri ya sola kwa jirani. Injini ikawaka, watu wakapiga makofi. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia: krrr! Ikakataa. Nikazima injini, gia ikaingia bila shida. Nikaitoa, nikawasha tena, ikakataa tena. Nikalitukana gari la baba yangu mbele ya mama yangu. Kisha nikampigia fundi mmoja wa Haydom.

"Pedali ya klachi ni ngumu au inazama?" akauliza.

"Ngumu. Na mafuta yake yapo."

"Basi sahani ya klachi imeshika kutu, imegandana na injini. Lilikuwa limelala wapi?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. "Na ng'ombe? Kaka, kwani na lenyewe mlikuwa mnalikamua? Mvuke wa mkojo unakula chuma!"

Mimi ningejuaje? Kwetu kitu cha thamani hulala na ng'ombe. Hasira zilinipanda, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Akanielekeza: niweke gia ya pili, lisukumwe mpaka liwake, nikanyage klachi huku napiga resi na kuachia, nikizunguka penye nafasi, mpaka sahani ibanduke. "Ila usisimame. Ukisimama, linazima."

Betri ilishachoka. Majirani wakasukuma, likawaka likirukaruka, nikaingia nalo shambani, kwenye udongo uliolowa mvua. Nikazunguka, mguu wa kushoto umeikanyaga klachi mpaka mwisho. Wapi! Nilipopita mbele ya nyumba, mama akainuka, akachukua kifurushi chake cha nguo. Alidhani nimemfuata. Nikampita.

Mzunguko wa pili akainuka tena. "Mama, kaa! Bado!" Nilipiga kelele kama namgombeza. Jamani, mama yangu mwenyewe! Akakaa. Mzunguko wa tatu hakungoja. Alikuja taratibu mpaka shambani, akasimama mbele ya gari, mkono juu, kama anavyosimamisha basi.

Nikakanyaga breki. Injini ikazima. Majirani wakaja mbio, wakasukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Matairi yalizama kwenye tope mpaka kwenye ringi. Mmoja akavua kofia, akakaa chini.

Mama akafungua mlango mwenyewe. Akapanda kwa taabu, akaweka kifurushi mapajani, akavuta mlango, akaujaribu kama umefunga vizuri. Akatulia kidogo apate pumzi.

"Haya, mwanangu," akasema, macho yake yako barabarani. "Twende."