Bahari ya Mshenga Wangu

Miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na kampuni za kutafuta madini zilipoanza kuingia Ruvuma, nilipata kazi ambayo mpaka leo naona tabu kuieleza nikiulizwa msibani. Mashine ilichoronga ardhi mashariki ya Namtumbo, ikitoboa kwenda chini, ikatoa vipande vya mwamba vya mviringo, virefu kama mihogo. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikavipanga kwenye masanduku ya mbao uani kwangu Msamala, cha juu kwanza, cha chini mwisho. Nilivimwagia maji rangi zijitokeze, nikavikodolea macho kutwa. Majirani walinihurumia.

Wakati huo nilikuwa nimeposa binti wa katekista wa Matogoro. Mzee hakukataa; aliuliza tu nafanya kazi gani. Kwa desturi mposaji hasemi, husemewa. Mshenga wangu, dereva wa lori letu la kuchorongea, akajibu:

"Baba, huyu kijana amegundua bahari Namtumbo."

Kweli nilikuwa nimemwambia kwamba nimeona makombe madogo ya viumbe wa majini kwenye mwamba, na labda palikuwa na bahari. Ile "labda" aliiacha njiani.

"Basi tutakuja kuiona Jumapili," alisema mzee. "Jibu tutalitoa hukohuko."

Jumamosi nilifungua masanduku ya vipande vya chini kabisa. Makombe yalilala pamoja na majani ya mimea. Chini yake palikuwa na tope lililopasuka kwa jua kabla halijawa jiwe, na mizizi imesimama wima palepale ilipoota. Hakuna kiumbe hata mmoja wa maji ya chumvi. Lilikuwa ziwa, tena lenye kinamasi. Bahari ile nilikuwa nimeitamani. Nilishaanza kujiona nikiitwa profesa.

Nilipomweleza mshenga, alisema, "Wewe nyamaza. Neno la mshenga halirudi nyuma."

Jumapili baada ya misa mzee na mkewe wakaja uani kwangu. Mshenga akawatembeza.

"Hapa papa. Pale nyangumi."

Nikakohoa.

"Ana mafua," akasema mshenga.

Mama akachutama mbele ya sanduku. Akanitazama mimi, si mshenga. "Mwanangu, hivi vinyuzi vyeusi ni nini?"

"Mizizi, mama."

"Mizizi baharini?"

Posa yangu ilikuwa mikononi mwake. Nikavunja desturi. "Si bahari, mama. Ni ziwa. Maji yalipungua, tope likakauka, mimea ikaota. Kisha maji yakarudi, yakafukia kila kitu."

Mshenga akatazama mawingu. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

"Mimi Mnyasa wa Mbamba Bay, nimezaliwa ziwani! Tangu nisikie hiyo bahari sijalala. Nilijua mtu wa bahari atamhamishia binti yangu Dar. Ziwa nalijua mimi. Ziwa si mbali."

"Lakini mshenga alisema bahari," mzee akasema kwa uzito.

"Mshenga ni dereva, baba. Mwache na barabara zake," mama akamjibu.

Mzee akajikuna kidevu, akamtazama mkewe, akaniambia nijiandae kwa mahari.

Walipoondoka, mshenga alininong'oneza, "Angalau mamba walikuwamo?"

"Mamba walikuwa bado hawajatokea duniani."

Akasikitika kabisa. "Sasa siku ya mahari nitawaambia nini?"